Bingwa Kwenye Kadi ya Kwaya

Hapana, hiyo usiniambie. Barafu nimeiona. Uliniuliza mbele ya watu, soda mkononi, viatu vya Nairobi bado havijashika vumbi, "Dada, hapa Lodwar barafu umeiona wapi?" Meza yote ikacheka. Mimi nikainuka nikaacha chapati yangu nusu, kwa sababu ningekaa dakika moja zaidi hiyo soda ingekuwa kichwani mwako. Sasa nimetulia kidogo. Kidogo tu. Nakujibu kwa maandishi ndiyo usipate nafasi ya kunikata.

Barafu nimeiona kwa masanduku ya samaki. Magari yanayotoka ziwani, upande wa Kataboi, yanafika hapa samaki wamelazwa juu ya barafu, maji yanachuruzika barabarani na mbuzi wanakuja kulamba. Siku moja nilimwomba mama wa samaki anipatie bonge moja zima, pana kama godoro la mtoto. Nikalilaza kwa sakafu yake, nikapanda na akala zangu za tairi. Nilisimama kama mtu anahesabu moja mpaka tatu. Halafu nikaona miguu yangu iko juu, mbele ya macho yangu. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini kati ya samaki. Mgongo uliniuma wiki nzima. Kwa hivyo nikikwambia kuna dada wa mchezo wa kuteleza kwa barafu anaruka juu ya kitu hicho hicho, anazunguka hewani mara tatu, anashuka kwa mguu mmoja akirudi nyuma na uso wake umetulia kama mtu anangoja chai, mimi najua nasema nini. Wewe ndiye hujui.

Ukasema pia kwamba shabiki wa kadi, wa kuangalia video kwa simu, si shabiki. Eti shabiki ni yule ameenda uwanjani, amenunua jezi. Hiyo ndiyo ilinichoma. Hiyo ndiyo nataka kujibu, na jina la huyo dada wa barafu sikutajii, kwa sababu ukilijua utaenda kumtafuta ndiyo umcheke. Mwite bingwa, kama mimi.

Nilimpata 2012. Nilikuwa nafanya kazi kwa duka la mama mmoja wa kutoka Kitale, nyuma ya soko. Alikuwa rafiki ya baba yangu. Baba ni karani wa serikali, alihamishiwa huku nikiwa darasa la pili na hakuna mtu alikumbuka kumrudisha. Form Four nilimaliza, karo ya chuo haikuonekana, yule mama akaniambia njoo ukae dukani kwangu. Tulichaji simu na kujaza kadi za memori. Labda kwenu mnajishushia nyimbo wenyewe kwa intaneti. Huku mtu anatoka Lokitaung na simu yake, anatoa ile kadi ndogo kama ukucha, anakwambia "jaza," anaenda zake kuuza mbuzi. Hachagui. Wewe ndiye unamchagulia: nyimbo za kanisa kiasi, za kucheza kiasi, vichekesho, sinema mbili za ngumi. Akirudi anataka imejaa mpaka mdomoni. Nafasi ikibaki anaona umemwibia.

Vitu vyenyewe vilikaa kwa diski moja iliyokuwa inazunguka kati yetu na kibanda chetu cha Kakuma, kambini kwa wakimbizi, karibu na maduka ya Wasomali, huko ndiko sinema mpya zilikuwa zinapatikana. Siku moja, katikati ya sinema za ngumi, nikakuta video ya kama dakika nne, haina jina. Nikafungua nikijua ni ngumi. Ni mwanamke peke yake, nguo ya buluu, kwa uwanja mweupe kama laga, mto wetu mkavu, iliyojaa maziwa. Anaanza vizuri, anakwenda kinyumenyume, anaruka, anaanguka. Si kuanguka kwa adabu. Alikaa chini kabisa, barafu ikamsukuma mpaka kwa ukuta, na watu wamejaa wanamwangalia. Nikasema huyu sasa atalia atoke. Hakutoka. Aliamka, wimbo haukuwa umemngoja, akaufuata mbio mpaka akaukamata, halafu akaruka tena ile ile iliyomwangusha. Akashuka.

Niliangalia mara sita. Simu za watu zilijaa chaji hapo mezani na mimi sina habari.

Nilienda kwa mtu wa intaneti, ile ilikuwa inafungua ukurasa mmoja wakati umekunywa chai mbili. Nikaandika mchezo wa barafu, nguo ya buluu, anaanguka, na akatokea; kumbe alikuwa bingwa wa dunia tayari, na hiyo ya kuanguka ndiyo watu walikuwa wanasambaziana. Chini yake wameandika amekwisha, amezeeka, awapishe wadogo. Amezeeka na ana miaka ishirini na kidogo! Nilitaka kuingia ndani ya hiyo kompyuta niwapige mmoja mmoja. Ushabiki wangu ulianzia hapo. Wewe labda ulianza kushangilia timu yako ikiwa na kombe. Mimi nilianza yangu ikiwa imekaa chini.

Hakuna mtu alinifundisha. Nilinunua daftari, nikawa nasimamisha video kila baada ya sekunde, naandika mguu gani uko wapi. Kiatu chake kina chuma chembamba, na mbele ya hicho chuma kuna meno. Kuna kuruka kwa kuchoma barafu na meno, na kuna kuruka kwa kulalia ukingo wa chuma bila meno. Na kuna moja tu anaiingia akiangalia mbele. Hiyo niliiita Uso, kwa sababu unaiendea hatari ukiiangalia usoni. Baadaye nilijua ina jina la Mzungu fulani aliyeibuni. Mimi bado naiita Uso. Daftari ninalo, njoo uone kama unaweza.

Basi nikaanza kumweka kwa kadi za watu. Nafasi ikibaki kidogo, naweka bingwa. Mchungaji wa ng'ombe anaenda nyumbani na nyimbo zake, vichekesho vyake, na bingwa wangu. Watu walirudi wakitaja. Mzee mmoja wa Lokitaung aliingia, akanisalimu ejok, ejok, akaniambia amebishana na wenzake wiki mbili juu ya huyo mwanamke. Unajua hawa ni watu wa edonga, kuruka kwao ni ngoma ya tangu utoto, mtu akiruka wanapima kwa macho. "Anapanda vizuri," akasema. "Kushuka ndiyo mbaya. Mguu moja ni ya ndege." Nikamweleza kwamba miguu miwili kwa barafu ni makosa, wanakupunguzia alama. Akafikiri. Akasema hao wanaopunguza wanyang'anywe mbuzi. Huyo mzee ana akili kuliko ofisi yenu yote.

Lakini mtu aliyempenda kama mimi alikuwa mmoja, na alikuwa Kakuma. Ni msichana wa Sudan Kusini, rika langu, ndiye alikuwa anasimamia kile kibanda cha kambini. Kila wiki mbili napanda gari na diski, nafika macho yamejaa mchanga, na yeye ameniwekea maji. Aliniita ukti, ndiyo dada kwa Kiarabu chao cha Juba. Alikuwa analea wadogo wake wawili peke yake, na kanisani alikuwa anaongoza vijana kucheza mbele ya kwaya. Nilipomwonyesha bingwa aliangalia mpaka mwisho, akasema, "Huyu hakuamka sasa. Alishaamka kabla ya kuanguka." Sijawahi kusoma mahali mtu amemwelezea vizuri hivyo. Akamweka kwa simu yake siku hiyo hiyo. Jumapili moja nilibaki, nikaenda kanisani kwao, nikaona mkono wa bingwa ule wa kufungua polepole, vijana wake wanaufanya mbele ya kwaya, chini ya mabati, na akina mama wanapiga vigelegele bila kujua umetoka wapi.

Sasa sikiliza venye iliharibika.

Yule mama wa duka alikuwa na tabia ya kupitia diski kila Jumatatu. Kitu hakiulizwi na wateja, anafuta, nafasi ni biashara. Mapema 2013 alimkuta bingwa akauliza hii ni nini, nikasema ni ya mteja, akasema akichukua uifute. Nikaogopa. Folda ya kwaya ndiyo peke yake alikuwa hafungui, aliiheshimu kama madhabahu. Basi nikamhamishia bingwa huko. Nikampa jina kama wenzake: Kwaya, namba tano. Kati ya akina mama na vijana. Mimi nikijaza kadi nairuka hiyo tano, hakuna shida. Nilikuwa nimwambie mwenzangu wa Kakuma nikifika. Sikufika. Malaria ilinilaza, diski ikaenda na dereva.

Wiki hiyo mzee mmoja wa kanisa alienda pale kibandani na kadi. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka chini, huko ambako watu wa hapa wanasema ndiyo Kenya, na alikuwa na semina ya akina mama wa kanisa, na wageni. "Nijazie kwaya tupu," akasema. Mwenzangu akachukua folda yote nzima akamjazia, kwa nini asichukue? Mzee akaichomeka kwa tivii mbele ya semina. Kwaya ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akina mama wanaimba. Ya tano ikawa bingwa wangu, paja nje, mguu juu ya kichwa, tivii ya kuazima, na mgeni wa heshima amekaa kiti cha mbele.

Najua unacheka. Cheka haraka umalize.

Simu ilifika Lodwar kabla jua halijapanda vizuri. Mama wa duka alimfuta bingwa kwa kompyuta ya dukani hakuniuliza, halafu akaniambia ingia kwa gari. Tulipofika Kakuma, mzee alikuwa ameketi kwa kile kiti cha wateja, kofia kwa goti, na mwenzangu amesimama nyuma ya meza kama mtu yuko kortini. Mama akauliza nani aliweka. Mwenzangu akasema, "Mama, mimi sijui iliingia aje."

Nikasema ni mimi.

Ningeishia hapo ingekuwa sawa. Lakini wewe umeniona mdomo wangu. Mzee alikuwa amesema kitu kama uchafu, na mimi hilo neno liliniwasha. Nikamwambia hapo hapo kwamba Daudi alicheza mbele ya sanduku la Bwana mpaka nguo ikamwacha, na aliyemdharau ndiye aliadhibiwa, si Daudi. Nikamwambia huyo dada ameamka saa kumi alfajiri tangu akiwa mtoto kwenda kuanguka, wewe mzee ni lini umeanguka ukaamka mbele ya watu. Mama ananivuta mkono, mimi naendelea. Na mzee, niseme ukweli, hakunifokea. Alisema, "Binti yangu, mimi sikuja kwa sababu ya miguu. Nimekuja kwa sababu nilichekwa na watu nimefundisha watoto wao." Ningekuwa na masikio ningesikia. Sikuwa nayo siku hiyo. Nilitaka shahidi. Nikamnyooshea mwenzangu kidole, nikasema, "Muulizeni huyu kama ni uchafu. Ni mtu wa kanisa, anaongoza vijana, na ako naye kwa simu yake."

Mzee alikuwa ananiangalia mimi. Akageuka akamwangalia yeye. Na mama pia.

Mama akatoa amri kwa sauti ya chini, hiyo ndiyo yake mbaya. Akamwambia mwenzangu: futa kwa diski, futa kwa mashine, futa kwa simu, tukiona, halafu uombe mzee msamaha, na kazi yako utakuwa nayo. Mimi akaniambia, "Wewe nitaongea na baba yako."

Simu yangu ilikuwa ya tochi tu, na ukitoa kadi za watu waliotawanyika na ng'ombe, hiyo video ilikuwa haiko mahali pengine popote ninajua. Kuitafuta tena kwa ile intaneti yetu ilikuwa kazi ya kulia. Nikasema, "Usifute." Akaniangalia mara moja. Nikarudia, "Usifute, ukti, wataenda tu." Akafuta kwa diski. Akafuta kwa mashine. Akatoa simu mfukoni, akamwonyesha mama kioo, akafuta. Halafu akapiga goti mbele ya mzee, mzee mwenyewe akamwinua haraka akiona haya.

Nikamwita msaliti. Mbele yao wote, na watu wa vibanda vya jirani wamekuja kusimama. Nikamwambia Petro naye alikana mara tatu, kama yeye: diski, mashine, simu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Wewe ukifukuzwa unaenda kwa baba yako. Mimi naenda wapi?"

Nilikuwa na jibu. Mimi huwa na jibu. Nikasema shabiki wa kweli haulizi anaenda wapi. Nilijiona nimesema kitu kikubwa. Gari la kurudi lilipotoka nilikuwa bado najirudia hayo maneno kichwani nikiyasifu.

Baba alinigombeza siku moja, kwa meza ya chakula, akamaliza. Dukani nilirudi baada ya siku tatu. Kakuma ndiko sikupelekwa tena, diski ikawa ya dereva. Na mimi sikumtumia mwenzangu hata neno moja, na hasira yangu niliilisha kila siku kama mbuzi ya sherehe. Kila nikijaza kadi nilikumbuka kidole chake kikibonyeza. Bingwa alirudi kushindana mwaka huo huo. Nilikaa kwa intaneti nikingoja ukurasa ufunguke, mstari kwa mstari, na mstari wa juu kabisa ulipotokea ulikuwa na jina lake. Wa kwanza. Wale wa amezeeka sijui walienda wapi. Nilipiga kelele mpaka mwenye intaneti akaja mbio kuona kama stima imenishika. Halafu nikaangalia huku na huku, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Nilimwambia mama wa samaki. Akasema hongera, akaendelea kupara.

Ilikuwa karibu mwisho wa mwaka, yule mzee wa Lokitaung akaingia tena. Kadi yake ile ile. "Jaza," akasema, "lakini yule wa mguu moja usitoe." Niliichomeka, na hapo, kati ya vichekesho na ngumi, nguo ya buluu. Alikuwa ametembea na bingwa wangu mwaka mzima nyuma ya ng'ombe, mpaka mpakani huko na kurudi. Nilinakili mara mbili. Nikaomba mama ruhusa, akaniangalia sana, akanipa.

Kakuma nilimkuta mahali pale pale, nyuma ya meza ile ile. Alinipatia maji. Sikuomba msamaha, usidhani nilikuwa nimebadilika njiani. Nilitoa kadi nikaiweka mezani kama mtu ameshinda kesi, nikamwambia bingwa amepatikana, na tena amekuwa wa kwanza. Akasema, "Najua. Nilimwona." Kumbe alimtafuta mwenyewe, kwa simu ya jirani, dakika kwa dakika, akaona mpaka wakimvisha nishani. Peke yake, na mimi peke yangu, njia moja katikati yetu.

Nikamwambia lete simu nikuwekee hii ya zamani. Hakuleta. Akasema, "Siku ile mama hakuwa anajua iko kwa simu yangu. Mzee hakuwa anajua. Ningefuta ya diski na ya mashine, na ningebaki naye." Akapanga chaja zake kwa mstari. "Kwa simu yangu ukti, mtu haingii tena."

Mteja akaja, mwanamke wa Kikongo na simu mbili, mwenzangu akazichomeka. Alipoenda mwenzangu aliniuliza habari ya baba yangu, nikasema mzima. Nikauliza habari ya wadogo wake, akasema mmoja ameingia darasa la nne. Kadi nilirudi nayo. Iko hapa ninapoandika.

Hasira bado ninayo, usidanganyike. Ya mama aliyefuta bila kuniuliza, ya wale wa amezeeka, yako wewe na soda yako. Lakini unasema shabiki wa kadi si shabiki, na mimi miezi yote hiyo nilimwita mtu msaliti wakati mimi ndiye nilimtoa bingwa mfukoni mwake. Wewe ni mtu wa kuuliza maswali mezani, basi hebu jibu moja. Uwe ni yeye, wadogo wawili wanakungoja nyumbani, mama amesimama, mzee ameketi, na mimi hapo mlangoni, mwenye baba wa kurudi kwake Lodwar, napiga kelele usifute: ungefuta?